Maiki Iko kwa Nani? Namna ya Kuendesha Mdahalo wa Siasa Chuoni

Kabla sijawa mwenyekiti wa midahalo nilikuwa mbeba maiki. Kazi yenyewe haikuwa na heshima yoyote. Ukumbi wa watu mia tatu, maiki moja ya waya, na mimi mwanafunzi wa mwaka wa pili nakimbia huku na huku, waya ukinasa kwenye miguu ya viti. Mwenyekiti akisema "yule mwenye shati la kijani", mimi ndiye niliyempelekea. Baada ya mihula miwili niligundua jambo ambalo waliokaa meza kuu hawakuwa na namna ya kuliona: waya haukufika safu tatu za nyuma. Na safu tatu za nyuma ndiko walikokaa wale wachache ambao hawakukubaliana na ukumbi. Hakuna aliyewakataza kusema. Hapakuwa na sheria, wala barua, wala vitisho. Waya tu ulikuwa mfupi.

Tangu hapo, nikisikia chuo kinajisifia uhuru wa kusema, huwa najiuliza waya wao una urefu gani.

Haya ninayoandika ni kwa yule aliyepewa jukumu la kuandaa mdahalo wa siasa chuoni: kiongozi wa klabu, mwakilishi wa darasa, au mhadhiri kijana aliyesukumiwa semina ya itikadi kwa sababu wakubwa wameikimbia. Sitamfundisha mtu achague mrengo gani. Nitazungumzia maiki, viti, saa, vikaratasi na mdomo wa mwenyekiti, maana midahalo mingi niliyoiona ikifa, ilifia hapo.

Anza na sentensi moja

Mada mbaya ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ile isiyopingika: "Changamoto na fursa za vijana katika siasa". Nani atasimama kupinga changamoto na fursa? Watu watasinzia, na wasiosinzia watasoma hotuba walizoandika kwa ajili ya shughuli nyingine. Ya pili ni ile iliyokwisha kutoa hukumu: "Kwa nini mrengo wa kushoto umeshindwa". Hapo umewaita watu msibani ukasema ni mdahalo.

Mwandaaji mmoja aliwahi kuniletea mada iliyosema "Wizi wa ada ukomeshwe". Nikamuuliza, upande wa kupinga utamweka nani, mwizi? Akacheka, kisha akanuna, maana alikuwa amekwisha kuchapa mabango. Tukaandika upya: "Gharama zote za elimu ya chuo kikuu zilipwe na kodi". Kabla ya jioni tulikuwa na watu wanne kila upande, mmoja wao akiwa mtoto wa familia iliyouza shamba ili asome, naye alikuwa upande wa kupinga. Sikutegemea. Ndiyo raha ya sentensi nzuri: inawapanga watu kwa namna ambayo sura zao hazikukudokezea.

Tazama mifano ya zamani. Februari 1933, Oxford Union, ile jumuiya ya midahalo ya wanafunzi wa Oxford, ilijadili kwamba baraza lao halitapigania mfalme wala nchi kwa hali yoyote ile. Sentensi fupi, kali, na kila mtu alijua anasimama wapi. Ilipita kwa kura 275 dhidi ya 153, na kelele zake zikatapakaa Uingereza nzima. Mimi lakini napenda zaidi kilichofuata. Wiki chache baadaye wengine walitaka mada ile ifutwe kwenye kumbukumbu za jumuiya, kana kwamba haikupata kusemwa. Ukumbi ukakataa kwa kura 750 dhidi ya 138. Februari 1965, Cambridge, James Baldwin, mwandishi mweusi wa Marekani, na William F. Buckley, mwandishi mwenzake wa mrengo wa kulia, walikutana juu ya mada kwamba ndoto ya Marekani imepatikana kwa gharama ya Mmarekani mweusi. Baldwin alishinda, 544 kwa 164. Angalia jinsi mada yenyewe inavyouma pande zote mbili: anayeiunga mkono lazima aonyeshe hiyo gharama, anayeipinga lazima aeleze hiyo ndoto imetoka wapi.

Kipimo changu ni chepesi. Wape sentensi yako watu wawili ambao hawaivi chungu kimoja. Kila mmoja akikuambia "hii naweza kusimama nayo", una mada. Mmoja akisema "mbona mmeshaamua", rudi mezani.

Omba ukumbi kama mtu anayejua anachoomba

Kila chuo kina kanuni za mikutano, na karibu hakuna mwanafunzi aliyezisoma. Zisome. Unatafuta jambo moja: je, zinagusa kinachosemwa, au zinagusa mahali, saa na namna ya kukisema? Tofauti hii ina historia. Mwaka 1964 uongozi wa chuo cha Berkeley, California, ulipiga marufuku meza za siasa kwenye kipande cha njia karibu na lango. Tarehe 1 Oktoba polisi walimkamata Jack Weinberg aliyekuwa kwenye meza mojawapo, wakamtia garini. Wanafunzi wakakaa chini kulizunguka lile gari, na likabaki pale na Weinberg ndani yake kwa saa 32. Juu ya paa la gari ndipo palipogeuka kuwa jukwaa. Mario Savio, mmoja wa viongozi wa wanafunzi, kabla ya kupanda, alivua viatu ili asiliharibu. Huwa namsimulia kila mwandaaji kijana habari ya viatu hivyo, hasa yule anayedhani ili usikike ni lazima uvunje kitu. Desemba 8 wahadhiri wa Berkeley walipiga kura 824 kwa 115: maudhui ya maneno yasizuiwe na chuo, ila mahali, muda na namna vinaweza kuwekewa utaratibu wa busara.

Sasa ufanye nini na habari hiyo? Iweke mfukoni siku unapokwenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Mimi nilikwenda na barua ya ukurasa mmoja: tarehe, ukumbi, idadi ya watu, majina ya wasemaji wa pande zote mbili, mwenyekiti, saa ya kumaliza. Aliisoma akairudisha.

"Mwanangu, hili halitawezekana."

"Mama, tatizo ni mada au ni ukumbi?"

Akanitazama juu ya miwani. "Ukumbi una mitihani ya marudio wiki hiyo."

"Basi tusogeze mbele wiki moja."

Kimya. Akafungua droo, akaifunga. "Na hiyo mada yenu nayo..."

"Mama, kama ni mada, naomba uniandikie hapa chini kwamba ni mada, ili niwaeleze wenzangu."

Hakuandika. Tulipata ukumbi, wiki iliyofuata, saa kumi jioni. Tafadhali liseme hilo kwa adabu ya kweli, bila kutabasamu kijanja. Ofisa aliye mbele yako mara nyingi si adui wa mawazo yako. Anaogopa simu itakayopigwa kutoka juu. Ukimpa sababu ya kujitetea (pande zote zipo, saa ya kumaliza ipo, kuna mtu wa kubeba lawama), umemtua mzigo.

Jua pia mipaka, usije ukaitetea isivyo. Tamko la Chuo Kikuu cha Chicago la mwaka 2015 juu ya uhuru wa kusema hutajwa sana, lakini wanaolitaja husoma nusu. Nusu ya kwanza inasema si kazi ya chuo kuwakinga watu na mawazo wasiyoyapenda. Nusu ya pili inataja yanayoweza kuzuiwa: maneno yanayovunja sheria, yanayomkashifu mtu fulani kwa uongo, vitisho vya kweli, unyanyasaji, kuingilia faragha. Tena inasema anayechukizwa ana haki ya kukosoa na kupinga, ila hana haki ya kumziba mwenzake mdomo. Azimio la Kampala la Novemba 1990 juu ya uhuru wa wasomi wa Afrika nalo halikuishia kuinyooshea dola kidole. Lina sehemu nzima juu ya wajibu wa wasomi wenyewe.

Na kuna mahali ambapo kauli moja ukumbini yaweza kumlaza mtu mahabusu. Nisijifanye sijui. Ukiwa hapo, usitumie shingo ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kupimia ukali wa panga. Hamisha swali. Badala ya kujadili kama mtawala wa leo akae madarakani muda gani, jadilini kama Roma ya kale ilikosea kumpa mtu mmoja madaraka ya dharura. Ukumbi una akili. Hakuna atakayehitaji kuambiwa. Ni uoga? Labda. Lakini nimeona mjadala wa Roma ukiwaka hadi taa za ukumbi zikazimwa na mlinzi aliyetaka kwenda kulala.

Kumpata mtu wa upande wa pili

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa nitakaa.

Katika kila chuo kuna maoni yenye watu wengi na maoni yenye watu wachache. Mahali pengine wachache ni wa kushoto, pengine ni wa kulia, pengine ni wale wasiotaka upande. Mambo ya itikadi hubadilika, uoga wa wachache haubadiliki. Wanaogopa vitu viwili: wenzao wa bwenini na alama za mhadhiri. Cha kwanza huwezi kukimaliza. Cha pili unaweza, kama wewe ndiye mhadhiri.

Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, akizungumza na wanafunzi mjini Munich mwaka 1917, alisema nabii na mchochezi hawana nafasi kwenye kiti cha mhadhiri, waende barabarani ambako watu wanaweza kuwajibu. Sababu yake ndiyo ninayoipenda: darasani mwalimu anasema na wanafunzi wamekaa kimya, tena wamelazimika kuwapo kwa ajili ya masomo yao. Ni mchezo ambao upande mmoja umefungwa mikono. Sikubaliani naye kwamba mwalimu afiche kila kitu, maana wanafunzi hukusoma hata kwa viatu ulivyovaa. Lakini hesabu yake ya nguvu ni sahihi.

Nilijifunza kwa kukosea. Muhula mmoja, kwenye semina ya watu kumi na wanane, kijana mmoja alisema kwamba misaada kwa maskini huwafanya wategemezi. Sikumjibu kwa neno. Nilishusha pumzi tu, ile pumzi ndefu ya mtu aliyechoka, nikageukia ubao. Basi. Kwa wiki sita kijana yule hakusema tena. Alikuja, aliandika, aliondoka. Na si yeye peke yake; wengine wawili walionyamaza niliwagundua baadaye nilipopitia daftari langu la mahudhurio, ambamo huwa naweka alama ya nukta kila mtu anapochangia. Nukta zao zilikoma siku ile ile.

Kumwomba radhi mbele ya wote kungemwaibisha. Nilichofanya ni kuichukua hoja yake na kuitetea mwenyewe, dakika kumi, wiki ya saba. Niliitetea vibaya, nakiri, kwa sababu sikuwa nimewahi kuisoma kwa wanaoiamini. Dakika ya nne akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, sivyo tunavyosema." Akanisahihisha. Nikakosea tena, wa pili akanisahihisha. Hadi leo nikihitaji kumfungua mtu aliyenyamaza, naitetea hoja yake kombo. Hakuna anayevumilia kuona kitu chake kikibebwa vibaya.

Njia ya pili ni vikaratasi, lakini vina siri yake. Wengi huweka kisanduku na kusema "mwenye swali la siri atumbukize". Haitumbukizwi hata moja, kwa sababu anayesimama kwenda kwenye kisanduku ameshajitangaza. Fanya hivi: kila mtu mlangoni apewe kikaratasi na kalamu za aina moja, na kila mtu lazima akirudishe, chenye swali au kitupu. Vikusanywe kwa pamoja, vichanganywe. Sasa mwenye swali la hatari amejificha katikati ya vitupu. Mwenyekiti avisome vyote kwa sauti ile ile. Nasisitiza sauti. Nimemsikia mwenyekiti akisoma swali la upande asioupenda kwa sauti ya katuni, ukumbi ukaangua kicheko, na vikaratasi vyote vilivyofuata vikawa vitupu.

Njia ya tatu ni sarafu. Wasemaji wajiandae pande zote mbili, kisha sarafu irushwe saa mbili kabla, mbele ya watu. Ukumbi ukijua kwamba sarafu ndiyo iliyompeleka mtu upande ule, hoja haimgandi usoni. Anaweza kusema kwa nguvu na kesho akanywa chai na watu. Ila usiitumie sarafu kwenye mada inayogusa utu wa mtu mwenyewe, kabila lake, dini yake au mwili wake, na kumlazimisha asimame kutetea kwamba yeye ni pungufu. Hapo atafutwe anayejitolea, na kama hayupo, mada ibadilishwe.

Viti, saa na lebo

Haya maneno "kushoto" na "kulia" yenyewe yametokana na viti. Mwaka 1789 katika bunge la Ufaransa, waliotaka mfalme apewe kura ya turufu walikaa kulia kwa mwenyekiti, waliopinga wakakaa kushoto. Mpango wa viti wa siku chache umewapa watu majina kwa zaidi ya miaka mia mbili. Basi usidharau viti. Ukiwaacha watu wakae wapendavyo, kila kambi itakaa pamoja, na kila msemaji atakuwa anahutubia kambi yake na kuwapa wengine mgongo. Mimi hugawa namba mlangoni. Watu hulalamika dakika tano, kisha hukaa jirani na mtu asiyepiga makofi wakati wao wanapiga, na hilo peke yake hupunguza kelele kuliko walinzi wanne.

Saa: dakika tatu kwa hoja, sekunde arobaini kwa swali, na swali liishie kwenye swali. Watunza muda wawe wawili, mmoja kutoka kila upande, wakishika saa moja. Watagombana kidogo mwanzoni, halafu watakuwa wakali kuliko wewe. Mtu akipaza "Taarifa, mwenyekiti!", hiyo taarifa ni ya msemaji kuipokea au kuikataa, si yako.

Lebo nazipiga marufuku saa ya kwanza. "Mkomunisti", "kibaraka", "fashisti", "bepari" na "mkereketwa" vyote vinakaa nje ya mlango. Si kwa sababu ni matusi, maana mengine ni majina halali ya itikadi ambazo watu wamezifia. Ni kwa sababu lebo humwokoa anayeitumia asieleze. Ukimnyang'anya, lazima aseme huyo mwenzake amekosea nini. Mtu akikwama, msaidie kwa maswali matatu ninayoyaandika ubaoni kabla ya kila mdahalo: nani alipe, nani aamue, nani aachwe. Chukua itikadi yoyote uijuayo, ichemshe, utakuta majibu ya haya matatu yamebaki chini ya sufuria. Nimewahi kuona wawili walioitana majina kwa muhula mzima wakigundua kwamba wanakubaliana nani alipe na nani aachwe. Ugomvi wao wote ulikuwa nani aamue. Haukuisha, lakini ulipata anwani.

Chuo chenyewe, idara yenyewe, wakae pembeni. Kamati ya Profesa Harry Kalven kule Chicago mwaka 1967 ilisema chuo ni makazi ya wakosoaji, chenyewe si mkosoaji. Kwa mwandaaji maana yake ni ndogo na ya vitendo: usiweke nembo ya idara karibu na upande mmoja, na usimwalike mkuu wa idara kutoa neno la ufunguzi litakaloeleza jibu sahihi.

Maiki sasa. Kama ni ya waya, pima waya mchana. Kama unazo mbili, weka moja kwa wanaounga mkono na nyingine kwa wanaopinga, foleni mbili, na upokee kwa zamu. Foleni moja itakuwa ndefu na nyingine tupu, na hapo ndipo wenyeviti huharibu. Huona haya ile nafasi tupu, wakaijaza na watu wa foleni ndefu. Usifanye hivyo. Sema: "Upande huu hauna mtu. Nasubiri dakika moja." Kisha kweli subiri, saa mkononi. Dakika moja ya ukimya kwenye ukumbi uliojaa ni ndefu kama foleni ya benki. Watu watakohoa, viti vitalia, mtu atacheka. Mara ya kwanza nilipojaribu, sekunde ya arobaini na moja aliinuka dada mmoja kutoka kona ya nyuma, akatembea njia nzima bila kumtazama mtu, akaishika maiki kwa mikono miwili. Alisema sentensi mbili. Ya pili ilikuwa, "Mimi pia ni wa chuo hiki." Nyuma yake foleni ikaanza.

Wakizomea

Kuzomea si kosa. Mabango si kosa. Kugeuza migongo, kuvaa nyeusi, kutoka ukumbini wote kwa mpigo, hayo yote nayo ni kusema, na mwenyekiti anayeyakataza hajui kazi yake. Kosa ni kelele inayokusudia mwingine asisikike kabisa. Mpaka uko hapo na unaonekana kwa saa: sekunde ishirini za kuzomea ni maoni, dakika ishirini ni kufuli.

Machi 2017, chuo cha Middlebury huko Vermont, Marekani, Charles Murray, mwandishi aliyezua ubishi mkubwa kwa maandishi yake juu ya akili na rangi za watu, alialikwa kuzungumza, wanafunzi wakageuza migongo na kuimba kauli zao hadi hakusikika. Wakampeleka chumba kingine wakarusha mazungumzo kwa video, na ving'ora vya moto vikaanza kulia. Wakati wa kutoka, umati uliwavamia. Aliyeumia alikuwa Profesa Allison Stanger, mwenye jukumu la kumhoji, ambaye mwenyewe hakukubaliana na mgeni na alikuwa amejiandaa kumbana kwa maswali. Aliumizwa shingo na kupata mtikisiko wa ubongo. Nakusimulia usije ukadhani mwenyekiti hukaa mahali salama katikati. Katikati ndipo mawe ya pande zote hupita.

Kwa hiyo andika maneno yako kabla, kwenye karatasi, maana ukumbi ukichemka kichwa hukauka. Yangu ni haya. Kwanza: "Nimewasikia. Chagueni mtu mmoja, nampa maiki hii dakika mbili." Mara saba kati ya kumi humalizika hapo, kwa kuwa waliokuja kupiga kelele mara nyingi hawakuja na msemaji, na wakilazimika kumchagua wanaanza kubishana wao kwa wao. Pili: "Mmesema, ukumbi umesikia. Sasa ni zamu yake." Tatu, kama bado: mapumziko ya dakika kumi, taa zote ziwashwe, maji yatolewe. Baada ya hapo, ahirisha na utangaze tarehe nyingine papo hapo, usiseme "tutawajulisha". Walinzi wakae nje ya mlango, wasionekane. Milango isifungwe kwa ufunguo hata kidogo. Na ujue mapema utatoka na mgeni kupitia wapi.

Simu zilizoinuliwa

Hili halikuwapo enzi za waya wangu. Msemaji wetu mmoja, binti makini sana, alianza hoja yake kwa kunukuu wapinzani ili awajibu. Mtu alikata sekunde kumi na nne, zile za nukuu tu, akazirusha. Kwa mwezi mzima alitukanwa kwa maneno ambayo alikuwa amesimama kuyapinga. Chuo kilichotuhifadhi kilitoa taarifa ya kusikitishwa, bila kutazama video nzima.

Tangu hapo nina mambo mawili. Moja ni kwa wasemaji: usinukuu mpinzani kwa nafsi ya kwanza. Kila sentensi yake ianze na "wao wanasema", hata ikikera sikio, ili mkasi wowote utakaopita ukute maneno hayo ndani. La pili ni la mwenyekiti: tangaza mwanzoni kabisa kama kunarekodiwa. Kukiwa ndiyo, rekodi wewe mwenyewe mwanzo hadi mwisho, utoe yote. Kukiwa hapana, tumia kanuni iliyozaliwa Chatham House, taasisi ya siasa za kimataifa mjini London, mwaka 1927: uliyoyasikia unaweza kuyatumia, ila usimtaje aliyeyasema. Kwa semina ndogo hii ya pili ni dawa. Kwa ukumbi wa mia tatu ni ndoto, nenda na rekodi kamili.

Usiku ukiisha

Usimtangaze mshindi kwa makofi. Piga kura mlangoni wakati wa kuingia na tena wakati wa kutoka, kisha tangaza waliohama tu: wangapi walitoka upande huu kwenda ule, wangapi walitoka kwenye "sijui", na wangapi waliingia na jibu wakatoka na "sijui". Hawa wa mwisho huwa wachache, na huwa natamani kuwajua lakini sijawahi kuwatafuta.

Vikaratasi vilivyobaki bila kusomwa vichukue nyumbani. Vitupu navyo vihesabu. Vikiwa vingi kuliko mdahalo uliopita, kuna kitu ulikifanya, pengine pumzi, pengine nyusi. Kunja waya kwa mviringo mkubwa usije ukakatika ndani. Panga viti. Karibu kila mara utawakuta wawili wamebaki chini ya jukwaa, maiki imeshazimwa, bado wanabishana, mmoja ameshika begi la mwenzake ili asiondoke. Usiwaambie muda umekwisha. Anza kufunga madirisha ya upande wa pili, taratibu.